Studio ya chumbani: ununue nini, na uanzie wapi

Anayetaka kuanza kurekodi nyumbani huuliza programu kwanza. FL Studio au Cubase? Reaper au Ableton? Akishajibiwa anauliza maiki. Akishatajiwa maiki anakwenda Kariakoo, au Luthuli Avenue kama yuko Nairobi, anarudi na boksi lenye maiki, mkono wa kuishikia, sponji, na kile kidude chenye vitufe vya rangi kinachotoa vicheko na makofi. Chumba atakachorekodia hakijafikiriwa kabisa.

Mpangilio huo uko miguu juu kichwa chini. Sauti hupita vituo kadhaa kabla haijawa faili. Inatoka mdomoni, inazunguka chumbani, inaingia kwenye maiki, inapita kwenye waya, inakuzwa na kugeuzwa tarakimu, ndipo programu inaipata. Kila kituo kinapokea kile tu ambacho kilichotangulia kimekiachia. Programu ndiyo ya mwisho kwenye foleni, na ndiyo rahisi kuliko vyote kuibadilisha baadaye bila hasara. Kwa hiyo tufuate njia ya sauti yenyewe, tukikaa zaidi pale ambapo pesa za watu hupotea.

Chumba kwanza

Vyumba vingi vya kupanga mjini ni futi kumi kwa kumi: sakafu ya saruji, kuta za plasta, juu bati au dari jembamba. Piga kofi moja katikati ya chumba cha namna hiyo kikiwa kitupu. Nyuma ya kofi utasikia mlio mkali unaotetemeka na kufifia. Mlio huo utakaa nyuma ya kila neno utakaloimba. Siku hizi zipo plagini (programu ndogo za kuongezea ndani ya programu ya kurekodia) za kuupunguza, lakini zinapoondoa mwangwi zinaondoka na sehemu ya sauti pia, na kinachobaki kinasikika kimenyongonyea.

Kuna kazi mbili hapa ambazo watu huzichanganya. Kuzuia kelele za nje zisiingie kunahitaji uzito na kuziba matundu: ukuta wa tofali, mlango mzito, dirisha lisilopitisha hewa. Kunyonya mwangwi wa ndani kunahitaji vitu vinene na laini ambavyo hewa inaweza kupenya: godoro, mablanketi yaliyokunjwa, rundo la nguo. Trei za mayai, ambazo zimepamba kuta za studio nyingi za uswahilini, haziwezi kazi ya kwanza na zinagusia tu ya pili. Ni karatasi nyepesi, hivyo bodaboda inayopita nje inaingia kwenye rekodi bila kubisha hodi. Na kwa kuwa ni nyembamba, zinapunguza sauti kali za juu tu. Sauti ya hezi 100, eneo la besi ya mwanaume, ina wimbi lenye urefu wa mita 3.4. Karatasi ya unene wa kidole haiisumbui. Matokeo yake ni chumba kilichopoteza ung'avu huku mvumo wa chini ukibaki palepale, na ukuta mzima umevikwa karatasi kavu jirani na nyaya za umeme. Hilo la mwisho pekee lingetosha kuzing'oa.

Ukiwa na magodoro mawili umepata zaidi ya trei mia. Ila jua pa kuyaweka. Wengi huyaegemeza nyuma ya maiki, upande ule mwimbaji anaoutazama, kwa sababu ndiko sauti yake inakoelekea. Lakini maiki nyingi za kuimbia husikia mbele na kuziba masikio nyuma. Kinachoonekana mbele ya maiki ni uso wako na ukuta ulio nyuma ya kisogo chako, na mwangwi unaorudi kutoka ukuta huo ndio unaoingia moja kwa moja. Weka godoro nyuma ya mgongo wako, la pili ubavuni kwenye pembe moja. Kama una kabati la nguo lililojaa, lifungue na uimbe ukiwa umelipa mgongo. Haionekani kama studio kwenye picha, lakini inafanya kazi.

Kelele za nje huna uwezo nazo sana, kwa hiyo zipangie muda. Jirani ana redio, jogoo ana ratiba yake, adhana inajulikana saa zake. Friji izime, na usisahau kuiwasha tena. Feni lazima isimame wakati wa kurekodi, na Dar es Salaam mwezi wa Januari hiyo ina maana ya kurekodi vipande vifupi na kupumzika katikati. Mvua kwenye bati haina dawa.

Maiki: hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Maiki za sauti ziko za aina kuu mbili. Dainamiki ina koili ndogo ya waya iliyobandikwa kwenye kiwambo, ndani ya sumaku. Sauti inakisukuma kiwambo, koili inatembea, umeme mdogo unazaliwa. Haihitaji umeme wa nje, inavumilia kuanguka, inavumilia jasho na mvuke. Kondensa ina utando mwembamba sana uliokaribiana na bamba lenye chaji. Utando ukitikisika kidogo tu umeme unabadilika, kwa hiyo inanasa vitu vidogo: pumzi, mkwaruzo wa kidole kwenye uzi wa gitaa, ung'avu wa herufi s. Inahitaji kulishwa umeme, na kwa maiki za studio huo ni wa volti 48 unaopitia kwenye waya uleule wa sauti.

Kwa kuwa studio kubwa hutumia kondensa, anayeanza hudhani kondensa ndiyo maiki ya studio na dainamiki ni ya jukwaani. Katika chumba chenye bati na plasta, mimi ningenunua dainamiki bila kusitasita. Mtu atasema kondensa "inasikia mbali". Kwa haki, maiki haina umbali wa kusikia. Kinachotokea ni kwamba dainamiki unaiimbia kwa karibu, vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni, na ni nzito kunasa sauti za juu kabisa. Sauti yako inakuwa kubwa mno kuliko ya chumba, na chumba kinabaki nyuma.

Umbali huo una hesabu yake. Kila unapouzidisha mara mbili, sauti yako kwenye maiki inapungua kama desibeli 6, huku mwangwi wa chumba ukibaki karibu uleule. Ukitoka shubiri moja hadi shubiri mbili umeshalipa desibeli sita za mwangwi, na utalazimika kuongeza geini (ukuzaji wa sauti ya maiki) kuzifidia, jambo ambalo linakuza pia televisheni ya jirani. Kusogea karibu ndilo badiliko pekee lisilogharimu hata senti. Tatizo lake ni mbili: pumzi za p na b hugonga maiki, na besi inavimba. Ya kwanza inatibiwa na kichujio cha pumzi, au kwa kuielekeza maiki pembeni kidogo ya mdomo badala ya katikati. Ya pili inapunguzwa baadaye kwa ikwalaiza, yaani plagini ya kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu.

Mfano wa dainamiki ambao hujutii ni Shure SM58. Imetengenezwa tangu 1966, na madukani nje bei yake ni karibu dola 100. Umaarufu huo umeifanya kuwa moja ya maiki zinazoghushiwa sana duniani, na kampuni yenyewe huwaonya wateja. Ile halisi ina uzito wa gramu 298. Mizani ndogo ya jikoni itakuambia mengi: ya bandia mara nyingi huwa nyepesi. Na ukiuziwa "mpya kabisa" kwa bei ya chipsi mayai na soda, usihitaji mizani.

Kondensa ina mahali pake. Kwa udi, kanuni, nyatiti au gitaa la mbao, dainamiki itakupa kivuli cha ala hiyo. Msimulizi wa hadithi mwenye sauti ya chini pia atafaidika na kondensa, kama chumba kimeshatulizwa. Audio-Technica AT2020 ni mwanzo mzuri, na Rode NT1 inafahamika kwa kuwa na mvumo mdogo sana wa ndani. Kwa udi au gitaa, usiielekeze kwenye tundu, ambako mvumo wa besi unafunika kila kitu. Iweke shubiri moja hadi moja na nusu kutoka pale shingo inapokutana na mwili, kisha isogeze taratibu huku ukisikiliza.

Sasa lile boksi la vitufe vya rangi. Maiki iliyomo ndani, mara nyingi aina ya BM-800, ni kondensa ya bei ya chini sana. Ukiichomeka kwenye tundu dogo la kompyuta kwa ule waya uliokuja nayo, inapata volti chache tu, na ndiyo maana unasikia mvumo kuliko sauti. Tatizo lingine: tundu la laptopu nyingi na la simu ni la hedifoni na maiki kwa pamoja, la pini yenye mistari mitatu, wakati waya wa maiki hiyo una miwili. Kompyuta haiioni kabisa na mtu anadhani maiki ni mbovu. Ukiilisha volti 48 kupitia intafesi halisi, kile kifaa kinachokuza sauti ya maiki na kuigeuza tarakimu kwa ajili ya kompyuta, inabadilika na kuwa maiki ya kujifunzia inayovumilika. Kile kidude chenyewe, V8 na ndugu zake, kilitengenezwa kwa ajili ya kurusha matangazo mubashara kwa simu. Kinafanya hivyo vizuri. Kurekodi wimbo ni kazi nyingine.

Kuhusu Shure SM7B, ile unayoiona kwenye kila podkasti: sauti yake inatoka hafifu mno, na mtengenezaji anashauri geini ya angalau desibeli 60. Intafesi nyingi za bei ya kati hufikia hapo kwa taabu au hazifiki. Mtu analipa karibu dola 400, kisha anaambiwa anunue na kifaa cha kuikuza. Iache kwa walioshalipwa na matangazo.

Maiki za USB zinafaa kwa anayezungumza peke yake. Samson Q2U nina upendeleo nayo kwa sababu ina njia mbili, USB na tundu la pini tatu, hivyo siku ukinunua intafesi haitupwi. Nyingine nyingi zinakufungia palepale: ukitaka mgeni wa pili mezani, kuendesha maiki mbili za USB kwenye kompyuta moja ya Windows ni kujitafutia kazi.

Intafesi na ule ucheleweshaji

Dukani kila kitu kinaitwa saundikadi, kile cha vicheko na intafesi ya kurekodia. Usiulize jina, uliza vitu vinne. Ina tundu la pini tatu? Inatoa volti 48? Ina draiva yake ya ASIO (programu ya kuipitisha sauti haraka) kwa Windows? Inapata umeme kutoka kwenye USB? Jibu likiwa ndiyo kwa vyote vinne, uko mahali sahihi. Focusrite Scarlett Solo ina tundu moja la maiki na moja la gitaa. Scarlett 2i2 ina matundu mawili ya maiki, na ndiyo ningechukua kama kuna hata uwezekano wa kurekodi watu wawili, au udi na sauti kwa pamoja. Behringer ina UMC202HD inayofanya kazi hiyohiyo kwa pesa kidogo.

Swali la nne, la umeme wa USB, halizungumziwi sana katika miongozo ya Ulaya na Marekani. Huku lina uzito. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, laptopu yenye betri nzima inaendelea, intafesi inaendelea nayo, na maiki ya kondensa pia, kwa sababu volti zake 48 zinatoka hapohapo. Kifaa kinachotegemea soketi ya ukutani kinakufa na wimbo wako. Faida ya pili ni kuhusu mvumo. Ukisikia mngurumo wa chini usioisha, ambao kwetu ni wa hezi 50 na vizidisho vyake, chomoa chaja ya laptopu. Ukinyamaza, mkosaji ni chaja au soketi isiyo na ethi, mara nyingi kwa sababu ya adapta ya pini mbili. Rekodi kwa betri, kisha mwite fundi wa umeme kwa wakati wako.

Lile la draiva linahitaji maelezo zaidi. Mwimbaji anavaa hedifoni, anaimba, anajisikia amechelewa kidogo, anakosa mapigo, anadhani kompyuta ni mbovu. Kompyuta haishughulikii sauti sampuli (kipimo kimoja kidogo cha sauti) moja moja. Inazikusanya kwenye bafa kisha inazichukua kwa mkupuo, kama daladala inayongoja ijae ndipo iondoke. Bafa ikiwa kubwa, safari inachelewa lakini kompyuta haihangaiki. Ikiwa ndogo, inaondoka haraka lakini konda anachoka, na uchovu wake unausikia kama mikwaruzo na vipande vya sauti vilivyokatika. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, bafa ya sampuli 128 ni ucheleweshaji wa karibu milisekunde 3. Ya 1,024 ni milisekunde 23. Hiyo ni ya kuingia tu. Kuingia na kurudi masikioni kwa jumla ni karibu mara mbili yake, na juu ya hapo vifaa vyenyewe huongeza kidogo. Waimbaji wengi huanza kusumbuka jumla ikipita milisekunde 10 au 15.

Njia za kawaida za sauti ndani ya Windows zina vituo vingi. ASIO, iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997, inavikwepa. Intafesi nzuri huja na draiva yake ya ASIO. Za bei ya chini kabisa huja bila, na unaishia kutumia ASIO4ALL, ambayo ni ya bure na husaidia, ila inaweza kugombana na programu nyingine zinazotaka sauti kwa wakati huohuo. Wenye Mac hawahusiki na habari hii.

Kisha kuna kitufe kidogo kwenye uso wa intafesi nyingi kilichoandikwa Direct. Kibonyeze, na sauti ya maiki inakwenda kwenye hedifoni moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Ucheleweshaji unakwisha hata kwenye laptopu ya mtumba. Ukikitumia, nyamazisha kwenye programu traki (mstari wa rekodi) ya maiki hiyo, la sivyo utajisikia mara mbili.

Hedifoni kabla ya spika

Hedifoni za kurekodia ziwe zilizofungwa nyuma, ili biti isivuje ikaingia kwenye maiki. Sony MDR-7506 ziko sokoni tangu 1991 na bado ziko kwenye studio za redio na filamu. Audio-Technica ATH-M40x ni chaguo jingine la heshima. Ziwe za waya. Bluetooth huchelewesha sauti kwa milisekunde mia moja na zaidi, na hakuna mpangilio wa bafa utakaokuokoa.

Spika za studio nasema zingoje, na sababu si bei. Rudi kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Kati ya kuta zilizoachana mita 3.05, nusu ya wimbi la sauti ya hezi 56 hivi inatoshea kamili: inaruka kwenda na kurudi na kujijaza yenyewe. Karibu na ukuta inavimba, katikati ya chumba inapotea. Chumba kikiwa mraba, urefu na upana vyote vinashirikiana kwenye hezi hizohizo, na jambo linakuwa baya zaidi. Hapo ndipo kiki (ngoma nzito ya chini) ya biti nyingi inapokaa. Ukiketi katikati utaona kiki haina nguvu, utaiongeza, kisha wimbo ukipigwa kwenye gari utapasua spika za mwenye gari. Hedifoni hazijui chumba chako. Zina kasoro zake, hasa katika kuhukumu upana wa kushoto na kulia, lakini ukizizoea na ukasikiliza kazi yako pia kwenye simu, kwenye redio ya jikoni na kwenye gari, utafika.

Kompyuta, au simu

Laptopu za ofisi za mtumba, ThinkPad au EliteBook, zinatosha kabisa zikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Kabla ya kulipa, chomeka kitu kwenye kila tundu la USB na ukitikise kidogo. Tundu lililolegea ni rekodi iliyokatika. Nafasi si tatizo kubwa kama inavyosemwa: traki moja ya biti 24 (hapa ni biti za kompyuta, si za muziki) kwa sampuli 48,000 kila sekunde inakula MB 8.64 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye traki kumi ni karibu MB 346.

Asiye na kompyuta aanze na simu. GarageBand ni ya bure kwenye iPhone, BandLab ni ya bure kwenye Android na iPhone. Intafesi nyingi ndogo hukubali simu kwa adapta sahihi, ingawa simu huenda isiweze kuilisha umeme wa kutosha na ukahitaji hab (kigawanyo cha USB) yenye chaja. Android zinatofautiana sana kwa ucheleweshaji, kwa hiyo kile kitufe cha Direct kinakuwa cha lazima.

Programu, hatimaye

Ubishi wa programu ni mkali kwa sababu kila mtu anatetea ile aliyojifunzia. Kwa ubora wa sauti hakuna tofauti ya maana: sauti uliyorekodi vizuri itatoka vizuri kwenye zote. Tofauti ni namna ya kufanya kazi, kwa hiyo jiulize unafanya nini.

Kama kazi yako ni kutengeneza biti, FL Studio ina sababu ya kupendwa. Kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliitoa 1997 ikiitwa FruityLoops, na mpaka leo moyo wake ni ule wa kupanga mapigo kwenye visanduku na kuvirudia, mtindo unaokaa vizuri mkononi kwa bongo fleva na singeli. Ukinunua mara moja, matoleo yajayo ni bure maisha yako yote. Angalia mambo mawili. Toleo la majaribio linahifadhi kazi yako lakini halitaifungua tena mpaka ulipe. Na matoleo yake yako kwa madaraja. Kwa miaka mingi la chini, Fruity, halikuwa na uwezo wa kurekodi maiki, kwa hiyo soma jedwali la daraja unalotaka kabla ya kutoa kadi.

Kama kazi yako ni kuimba juu ya biti uliyopewa, kurekodi qaswida, kwaya, gitaa au bendi, FL itakuzungusha. Ningekupa Reaper. Iliandikwa na Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp. Ni nyepesi, haili bando kuipakua, inakimbia kwenye kompyuta ya kizee, unaijaribu yote kwa siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ubaya wake ni uso: inafunguka kama fomu ya kodi, haina magitaa wala vinanda ndani, na wiki ya kwanza utailaani. Plagini zake za ikwalaiza na kompresa (ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) hazipendezi machoni lakini ni za kazi.

Podkasti, mawaidha, kusoma hadithi: Audacity, ya bure tangu 2000. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022 inakuruhusu kuweka plagini ukasikia mabadiliko hapohapo bila kuichoma kwenye sauti. Kwa wimbo wenye traki nyingi inachosha. Mwenye Mac anayo GarageBand tayari, na hahitaji kununua chochote mwaka wa kwanza. Waveform Free ya Tracktion haina kikomo cha traki. Pro Tools Intro ni ya bure pia, ila inaishia traki 8 za sauti. Na kabla hujalipia lolote angalia boksi la intafesi: Scarlett, kwa mfano, huja na Ableton Live Lite. Ukinunua intafesi iliyotumika, elewa kwamba namba ya leseni huenda ilishachukuliwa na mwenyewe wa kwanza.

Programu zilizopasuliwa kila mtu anazijua na fundi wa mtaani atakuwekea kwa elfu tano. Sitahubiri. Nitasema tu kwamba hatua ya kwanza ya kuziweka karibu kila mara ni "zima antivirasi", na kompyuta hiyohiyo ina rekodi za wateja wako na namba zako za benki. Kwa kuwa kuna Reaper ya dola 60 na nyingine za bure, sababu ya kulazimisha hatari hiyo imekuwa ndogo.

Kinachoondoa presha yote ya uchaguzi huu ni stemu. Programu yoyote inaweza kutoa kila traki kama faili ya WAV inayoanzia sekunde sifuri. Unarekodi vokali kwenye Reaper Mombasa, unatuma faili pamoja na tempo ya wimbo, prodyuza wa Tandale anazidondosha kwenye FL zake na kila kitu kinakaa mahali pake. Toa stemu kwa biti 24 na sampuli zilezile mlizokubaliana, 44,100 kwa muziki au 48,000 kama kuna video. Na zitoe hata kama hujatumwa, pindi wimbo unapokamilika, kwa sababu mradi wa programu uliyoiacha miaka mitano iliyopita unaweza usifunguke. WAV itafunguka.

Kiwango cha kurekodi

Tabia ya kujaza mita mpaka nyekundu ilitokana na kanda, ambazo zilikuwa na mvumo wa kufunikwa. Biti 24 zina nafasi ya desibeli 144 kinadharia, dhidi ya 96 za biti 16, kwa hiyo sauti ndogo haipotei. Weka geini ukiimba ile sehemu yako ya kelele kuliko zote, si kwa kusema "hallo hallo", na vilele viguse kati ya desibeli -18 na -12. Ikigonga sifuri, kichwa cha wimbi kinakatwa na hakirudi.

Ukigawa pesa kwa mpangilio huu, maiki na intafesi zitachukua sehemu kubwa zikikaribiana, hedifoni zitafuata, na programu itabaki na kidogo au bila kitu. Usisahau vitu vidogo ambavyo huharibu siku nzima: waya wa pini tatu wenye shaba nzuri, stendi isiyoinama yenyewe, kichujio cha pumzi. Kinanda cha MIDI (cha kuingizia noti kwenye kompyuta) cha vitufe 25 kinaweza kusubiri, maana kuchora noti kwa mausi kunatosha kwa kuanzia. Dukani, omba wachomeke maiki kwenye intafesi palepale, uvae hedifoni, upandishe geini hadi mwisho bila kusema neno. Mvumo laini ni wa kawaida. Redio ya mtaa, mkatiko au mlio wa kwikwi ukigusa waya si wa kawaida, na ni afadhali uujue ukiwa bado upande huu wa kaunta, risiti haijaandikwa.